Rangi Nyekundu Haikuingia

"Hongera, afande," akasema Mwalimu Onogi. "Umeshaua mtu."

Inspekta Kuwajima alikiangalia kipande cha chuma kilichokuwa mbele yake mezani. Kilikuwa cheupe pe, hakina doa. Vidole vyake ndivyo vilivyokuwa vyekundu hadi kwenye kucha, na tone moja lilikuwa limerukia kola ya shati ambayo mkewe aliipiga pasi asubuhi ile.

"Mbona sioni ufa?"

"Umo. Tena si mmoja. Nimeutia mwenyewe, na wenzake wawili. Hebu niambie ulivyofanya."

"Nimesafisha. Nimepaka nyekundu, nikasubiri kama ulivyosema. Nikaiondoa, nikapulizia nyeupe."

"Uliiondoa vipi?"

"Kwa kisafishio. Nilipulizia, nikafuta."

"Ulipulizia wapi? Kwenye kitambaa au kwenye chuma?"

Kuwajima akakitazama kile chuma. Alikuwa amepulizia kwenye chuma, tena kwa moyo wote, kama mtu anayeosha gari Jumapili.

"Haya basi." Onogi aligonga meza kwa kidole. Alikuwa mzee mfupi, mkavu, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. "Kazi yote ya nyekundu ni kujipenyeza kwenye ufa na kujificha humo. Unapangusa juu kwa kitambaa, taratibu, iliyojificha ibaki ilipo. Ukija na nyeupe, inaivuta nje kama karatasi inavyovuta wino, na hapo ufa unajisema wenyewe. Wewe umemimina kisafishio, umeiosha mpaka mafichoni. Nyeupe ivute nini?"

Chumba cha mafunzo kilinuka dawa kiasi cha kuumiza kichwa. Madirisha yote yalikuwa wazi ingawa ilikuwa Januari, na jiko la kuotea moto lilipigwa marufuku mle ndani kwa sababu dawa zile hulipuka. Kuwajima alikuwa amevaa koti lake juu ya aproni waliyomwazima, na miguu yake ndani ya ndara za chuo ilikuwa imekufa ganzi. Hakuja pale kujifunza ufundi uzeeni. Alikuja kwa sababu ya mzee Sogabe.

Wiki iliyopita, katika karakana ya meli ya Kurotsu hapo Imabari, kulabu ya kreni ilikatika ikiwa imebeba bamba la chuma la ubavu wa meli. Chini yake alikuwa amesimama Sogabe, kiongozi wa wafunga mizigo, mtu wa miaka sitini na kitu. Mkewe alimtambua kwa viatu tu. Na kulabu ile ilikuwa imepimwa mwishoni mwa Desemba, ikapewa alama ya uzima. Aliyeipima ni binti wa miaka ishirini na tatu, Minobe Chizuru, aliyepata cheti chake katika chumba hiki hiki, kwa mwalimu huyu huyu.

Mwendesha mashtaka alitaka jina kabla ya jioni. Kusema kweli jina alikuwa nalo tayari, alichotaka ni Kuwajima alitie muhuri. Uzembe uliosababisha kifo. Kwa binti huyo ilimaanisha jela, na hata asipofungwa, hakuna karakana ingemfungulia mlango tena maishani. Naye tangu akamatwe alikuwa akisema neno moja tu, "nilipima," kisha anainamisha kichwa.

"Kwa hiyo huenda alifanya kosa kama langu," akasema Kuwajima. "Alipulizia kwenye chuma, nyekundu ikaoshwa, akaona weupe mtupu, akapitisha."

Onogi akamgeukia kama ametukaniwa mama yake.

"Chizuru? Thubutu! Siku moja tu alipulizia hivyo hapa. Nilimsimamisha pale mlangoni na ndoo mkononi mpaka wenzake walipomaliza somo. Alilia, nikamwacha alie. Toka siku ile hakurudia. Wewe hujui mkono wa yule mtoto, afande."

"Mwalimu, mkono sipeleki mahakamani. Nataka kitu cha kushika."

"Unataka cha kushika? Njoo."

Onogi aliokota kile kipande cheupe, akakibana kwenye jiliwa, akachukua nyundo kubwa. Alipiga pigo moja. Chuma kikavunjika pale pale penye ufa, akamsogezea Kuwajima nusu yake.

"Tazama ndani. Siyo juu, chini kabisa."

Kuwajima aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa. Mdomoni mwa ufa chuma kilikuwa kikavu. Chini kabisa, pale ufa ulipoishia, palikuwa na uzi mwembamba mwekundu.

"Kisafishio chako kimeosha mlangoni," akasema Onogi. "Huko uvunguni hakijafika. Ukishaipaka nyekundu ikaingia, haitoki yote, hata ufanye nini."

Inspekta akasimama wima polepole. Maabara ya polisi ilikuwa imeichunguza kulabu iliyokatika. Sehemu kubwa ya mvunjiko ilikuwa mpya, inameta. Lakini pembeni palikuwa na sehemu ya zamani, imeingia kutu, na hiyo ndiyo iliyokuwa ufa kwa muda mrefu kabla ya siku ya ajali. Wale wa maabara waliitafuta rangi nyekundu katika sehemu hiyo kwa darubini. Hawakupata hata chembe.

"Basi hakuiosha vibaya," akasema.

"Nimekwambia."

"Usifurahi, mwalimu. Kama nyekundu haimo kabisa, maana yake haikuingia kabisa. Na kitu kisichopakwa hakiingii."

Onogi aliirudisha nyundo mahali pake kwa kishindo.

"Ndivyo tunavyosema tangu siku ya kwanza," ikasema sauti mlangoni.

Alikuwa Bwana Tokunaga, meneja wa karakana ya Kurotsu, anavua viatu vyake na kuchagua ndara. Nyuma yake askari wawili walikuwa wanasukuma kitoroli chenye kulabu ya pili ya kreni ile ile, kubwa kama kiti cha mtu mzima, imefunikwa turubai. Nyuma yao alikuja Sajini Ueki, mwanamke mpole asiyependa maneno mengi, amemshika mkono Chizuru.

Binti alipomwona mwalimu wake aliinama mpaka paji likakaribia magoti. Akabaki hivyo hivyo.

"Inuka, inuka," akasema Onogi kwa ukali, lakini machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Umekula?"

"Nimekula, mwalimu."

"Mwongo. Inuka."

Tokunaga alikuwa ameshasogea kwa Kuwajima na kadi ya jina mikononi, ingawa walikwisha kupeana kadi mara mbili. "Afande, sisi hatuna kinyongo na mtu. Ila ukweli ni ukweli. Ile siku ilikuwa ya mwisho ya kazi kabla ya mwaka mpya. Huyu binti alikaa kantini, akamenya machungwa yake, akaja akapulizia dawa nyeupe peke yake, akapiga picha. Kwenye picha utajuaje kama nyekundu ilipakwa? Weupe ni weupe."

"Ulimwona akimenya machungwa?"

"Watu walimwona."

"Watu gani?"

"Watu, afande. Kila mtu alikuwa kantini siku ile."

Kuwajima aligeukia kitoroli. Aliivua kulabu turubai. Zote mbili zilipimwa siku moja na mtu mmoja, na hii ya pili haikuguswa toka siku ya ajali. Akamwambia Chizuru, "Bibie, ipime. Vile vile ulivyofanya siku ile. Usipunguze, usiongeze."

Sajini Ueki akamwachia mkono.

Hata Kuwajima, mwanafunzi wa saa moja, aliweza kuona tofauti. Binti alifunga aproni, akaikagua kila chupa, akaisafisha kulabu na kuisubiri ikauke. Alipaka nyekundu kwa brashi, kuanzia shingoni hadi kwenye kiwiko cha kulabu, pale mzigo unapoegemea. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akakunja mikono, akasubiri, wala hakumtazama mtu. Tokunaga alipiga miayo mara kadhaa. Onogi aliminya kikombe chake cha chai kilichokwisha kupoa. Muda ulipotimia binti alifuta kwa kitambaa kikavu, akafuta tena kwa kitambaa kilichotiwa kisafishio kidogo, akifuata njia moja bila kurudisha mkono. Chuma hakikudondokewa hata tone. Mwisho akatikisa kopo la nyeupe, akapulizia kwa mbali, ikatua nyembamba na sawasawa.

Wakasubiri tena.

Haikutokea hata nukta. Kulabu ilikaa pale nyeupe kama mochi, ile keki ya mchele ya mwaka mpya.

"Safi!" akasema Tokunaga, na safari hii alitabasamu waziwazi. "Afande, si unaona? Akitaka anaweza. Hii aliipima kweli, ndiyo maana ni nzima. Ile nyingine aliiruka. Mimi simwonei, ila mimi nina maiti."

Lilikuwa neno zito, na lilifanya kazi. Sajini Ueki aliangalia chini. Kuwajima akatoa kalamu, maana maelezo lazima yaandikwe hata kama yanauma, na maelezo huanza na namba ya kielelezo. Akapangusa nyeupe kwenye shingo ya kulabu palipopigwa muhuri wa namba.

"Hii ni tatu au nane?" akauliza.

Ueki aliinama. "Naona tatu, mkuu. Au sita."

"Bwana Tokunaga, hebu nisomee."

Tokunaga alivaa miwani, akavua. "Imefutika kidogo."

Kuwajima alipitisha kidole gumba juu ya namba. Namba zinazogongwa kwenye chuma huwa na kingo kali, zinakwaruza. Hizi zilikuwa laini kama sabuni iliyotumika. Akashusha kidole shingoni, mgongoni, hadi kwenye kiwiko. Kote kulikuwa laini, na rangi moja ya kijivu kila mahali.

"Kulabu hii ina umri gani?"

"Ishirini. Ishirini na zaidi."

"Imebeba vyuma vya meli miaka ishirini na zaidi, na haina mkwaruzo hata mmoja?"

"Afande, karakana yetu si jalala," akasema Tokunaga, na akairekebisha tai yake. "Kila mwisho wa mwaka tunafanya usafi mkubwa, kama nyumba yoyote ya watu waungwana. Hakuna kinachovuka mwaka na uchafu wake. Sakafu, vyoo, mashine, kulabu, kila kitu kinang'aa. Nenda kwingine ukaone kutu."

"Kulabu mlizisafishaje?"

"Si kwa ile mashine ya chembe? Inapuliza chembe ndogo ndogo za chuma kwa upepo. Rangi, kutu, grisi, vyote kwaheri. Inatoka kama mpya."

Kikombe kilimponyoka Mwalimu Onogi, kikavunjika sakafuni. Hakuna aliyeinama kuokota vigae.

"Lini?" akauliza. "Kabla ya kupima au baada?"

"Kabla, bila shaka. Nani anamkaribisha mkaguzi kwenye uchafu?"

"Ewe mpumbavu," akasema Onogi kwa sauti ndogo. "Wewe mpumbavu mkubwa."

"Mwalimu, nieleze mimi," akasema Kuwajima.

"Zile chembe ni nyundo, afande. Nyundo ndogo ndogo zisizo na idadi. Zinaondoa kutu, sawa, lakini zinaiponda ngozi ya chuma. Midomo ya ufa inapondwa, inalaliana, inafunga. Ufa uko ndani mzima na hasira zake, ila juu mlango umefungwa. Paka nyekundu mpaka kesho. Itaingilia wapi?" Alikuwa ameshafika kabatini, anahangaika na kufuli. "Mimi nitaufungua. Mlango huu unafunguka kwa tindikali. Ueki, binti yangu, simama mbali na dirisha, mvuke upate njia. Na wewe meneja, usiguse kitu!"

Alichagua mahali padogo kwenye kiwiko cha kulabu. Akapaka tindikali kwa pamba, ngozi ya juu ya chuma ikachubuka na kupiga weusi, akaosha, akakausha. Kisha akampa Chizuru brashi. "Rudia. Hapo tu."

Binti alirudia kila kitu kama mwanzo. Safari hii pia hakuharakisha. Nyeupe ilipokauka, wote walikuwa wameinamia kulabu.

Kwanza ilitokea nukta nyekundu. Ikafuatiwa na nyingine kando yake. Nukta zikaungana zikawa uzi, uzi ukanenepa, ukaanza kutambaa kuzunguka kiwiko hadi ulipogota kwenye ukingo wa mahali palipotiwa tindikali. Kuwajima alijikuta ameshika mdomo. Kulabu hii ilikuwa imebaki na mizigo michache tu kabla ya kumwangukia mtu mwingine.

Tokunaga alitafuta kiti bila kugeuka, akakaa.

"Kwa hiyo alipaka," akasema Kuwajima. "Zote mbili. Rangi haikuingia kwa sababu palikuwa pamefungwa. Maabara hawakukosea, na yeye hakudanganya."

"Nilijua!" Onogi alipiga meza kwa viganja viwili. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, naye anacheka. "Nilijua mimi! Mnamkamata mtoto wa watu kwa uchafu wa usafi wenu! Afande, mwachieni huyo, mwache akale. Nitamnunulia tambi za udoni mwenyewe."

"Siyo mimi niliyesafisha," Tokunaga akasema kwa haraka. "Ni Sogabe. Sogabe mwenyewe, marehemu. Aliomba. Zilikuwa kulabu zake, alisema hawezi kuziacha zivuke mwaka zikiwa vile. Muulizeni yeyote pale."

"Na ufunguo wa chumba cha mashine ya chembe anashika nani?"

Tokunaga aligusa mfuko wa koti. "Mimi."

"Utakuja nao kituoni."

Sajini Ueki alikuwa ameanza kumvua Chizuru ile aproni, polepole, kama anavyovuliwa mgonjwa. Hapo ndipo Kuwajima alipomtazama binti vizuri. Alikuwa amekaa na watuhumiwa miaka mingi, na alijua namna mtu anavyokuwa akiondolewa mzigo wa aina ile. Wengine hucheka, wengine hulia, wengine huomba maji. Huyu hakuwa ameinua kichwa. Hata pumzi hakuishusha.

"Mwalimu," akasema Kuwajima, "hili la chembe huwa unalifundisha?"

"Nalifundisha? Ndilo la kwanza! Kabla hawajashika kopo lolote. Ninacho kipande kilichopigwa chembe, nawapa wakipapase kwa zamu, macho wamefumba. Nawaambia, mkikutana na ulaini huu, msipime. Kataeni, kirudi kikatiwe tindikali, hata kama..."

Alikuwa amefika mahali Kuwajima alipokuwa anamsubiri.

Nje, treni ya mizigo ilipita, madirisha yakatetemeka. Onogi alizunguka meza, akasimama mbele ya mwanafunzi wake.

"Chizuru. Ulisahau?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi hukupapasa. Ulikuwa na haraka, kulikuwa baridi, ulivaa glavu. Eti?"

"Nilipapasa."

"Sema ulisahau, mwanangu."

"Sikusahau." Aliinua uso. Ulikuwa mkavu, na midomo imepauka. "Niliiona toka mlangoni inavyong'aa, nikajua. Nikaipapasa, nikajua zaidi. Nilitaka kusema irudi."

"Kilichokuzuia ni nini?" akauliza Kuwajima.

"Mzee Sogabe alikuwa amesimama pembeni yake, amevua kofia. Alikuwa ameshinda na zile kulabu toka asubuhi, vidole vimempasuka kwa baridi. Vijana wake wote walikuwa nyuma yake, wanasubiri nimalize waende makwao kwa mwaka mpya. Akaniambia, 'Binti, nimekuwekea safi, usije ukachafua mikono.' Mimi ni wa juzi tu pale, afande. Yeye ni rika la babu yangu. Nimwambie mbele ya watu wake kwamba ameharibu? Niliona haya. Nikasema moyoni nitapima hivyo hivyo, na baada ya sikukuu nitamwendea faraghani, nimwombe zirudishwe. Niliporudi kazini nilimkuta anaongea na watu, nikaahirisha. Kesho yake tena nikaahirisha."

"Mbona hukusema siku zote hizi?"

"Mkewe alinishika mikono msibani. Aliniambia mumewe alikuwa ananisifu nyumbani. Ningemwambiaje kwamba kazi ya mumewe ndiyo iliyomuua?"

Onogi alikuwa ameshika ukingo wa meza. Vidole vyake vyote kumi vilikuwa vimepakaa nyekundu ya mezani.

"Ulimjibu nini?" akauliza. "Alipokwambia amekuwekea safi. Ulimjibu nini, Chizuru?"

"Nilimwinamia. Nikasema, 'Pole na kazi, mzee Sogabe. Imetakata.'"

"Naye?"

"Alifurahi, mwalimu. Alifurahi sana. Akawageukia vijana wake, akawaambia, 'Mmesikia?'"

Kuwajima alirudisha kalamu mfukoni, akamtazama Sajini Ueki, akatikisa kichwa kidogo kuelekea mlangoni. Ueki alimshika tena binti mkono, akamsubiri avae viatu warudi kituoni.